Mlango wa Mahakama Kaskazini Mashariki

Waandishi wa taarikhi ya haki za raia aghalabu huanza na hukumu zilizotukuka na majina ya majaji waliozitoa. Amma mtu wa Bute, mji wa Kenya ulioko Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Uhabeshi, hana budi kuanzia pahala pengine, katika sheria zilizomzuia asimfikie hakimu hata kabla ya kusema neno.

Wakoloni walikwisha kuitenga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Wajir ilikuwa ndani yake, kwa sheria ya 1902 kisha ya 1934, hata kuingia na kutoka kukahitaji kibali. Uhuru ulipopatikana, Desemba 1963, hazikutimia wiki tatu hali ya hatari ikatangazwa huku kwa sababu ya vita vya mashifta, waasi waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, ikadumu hadi 1991. Kisha mwaka 1970, vita vikiwa vimekwisha, Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga askari na watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda hapa na katika wilaya za jirani, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, tangu 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967, maadamu waliyatenda kwa nia njema au katika kutekeleza wajibu wao. Mtu aliyenyang'anywa ngamia wake na kuuawa nduguye akaambiwa, miaka kadha baadaye, kwamba shauri lake halisikilizwi.

Wakati ule mahakama ya mwisho ya rufani ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 Kenya ikaunda yake. Lakini rufani hutoka katika kesi, na kesi ikikatazwa chini, jaji wa juu hana la kuamua.

Mambo yakazidi mwaka 1989, pale Jaji Dugdale wa Mahakama Kuu aliposema kwamba kifungu cha 84 cha katiba, kilichomruhusu raia kudai haki zake, hakifanyi kazi kwa kuwa Jaji Mkuu hajatunga kanuni zake. Hoja hii kwangu ni ajabu ya maajabu: katiba ya nchi ikawekwa chini ya waraka ambao hakuna aliyejisumbua kuuandika! Na hayo yalinenwa miaka mitano tu baada ya Februari 1984, wakati wanaume wa Kidegodia, ukoo wa Wasomali, walipokusanywa na askari katika uwanja wa ndege wa Wagalla, huko Wajir, ambako serikali ilikiri vifo 57, ilhali tume ya ukweli, haki na maridhiano ilitaja idadi inayokaribia elfu.

Katiba ya 2010 ilileta Mahakama ya Juu, na kwa msomaji wa huku kilicho kikubwa zaidi ni ibara ya 22: mtu aweza kudai haki kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, wala hatozwi ada ya kufungulia shauri. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa kwanza kuiongoza mahakama hiyo, akatoa mwaka 2013 kanuni zinazokubali malalamiko yasiyoandikwa kwa ufundi wa mawakili, hata yaliyosemwa kwa mdomo. Mchungaji asiyejua kuandika hahitaji zaidi ya hapo ili asikilizwe.

Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua shauri la akina mama wa wafungwa wa siasa waliopigwa Uhuru Park mwaka 1992, ikasema kwamba kupita kwa miaka peke yake hakuui dai la kuvunjwa haki za msingi, ingawa mdai lazima aeleze kwa nini alichelewa.

Hapo ndipo insafu inapogawanyika. Aliyedhulumiwa mwaka 1966 alifungiwa na maneno ya sheria ya 1970 yenyewe. Mjane wa Wagalla hakufungiwa nayo, kwa kuwa mwaka 1984 u nje ya tarehe zake. Anachodaiwa ni maelezo ya kuchelewa, nayo anayo: miaka saba ya kwanza ya ujane wake aliishi chini ya hali ya hatari.