Stirji: Kundi Linyonyalo Damu, kutoka Roma ya Kale hadi Meza ya Kete

Stirji ni kiumbe mdogo wa mchezo wa kuigiza uitwao Dungeons & Dragons. Ana mabawa, kucha za kung'ang'ania na mdomo mrefu anaoutumia kunyonya damu. Akiwa mmoja, hata askari mwanagenzi anaweza kummaliza kwa pigo moja. Hatari ni kwamba haji akiwa mmoja. Monster Manual, kitabu cha viumbe cha mchezo huo kilichotoka mwaka 1977, kinataja kundi la kuanzia 3 hadi 30. Lakini stirji hakuzaliwa mezani. Jina lake na kiu yake ya damu vinatokana na strix, ndege wa usiku aliyewanyima usingizi wazazi wa Roma ya kale.

Maelezo kamili zaidi ya strix yamo katika Fasti, utenzi wa mshairi Mrumi Ovid kuhusu sikukuu za kalenda ya Kirumi, ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya 1. Ovid anawaonyesha wakiwa kundi: vichwa vikubwa, macho ya kukodoa, midomo ya kunyakua, manyoya ya mvi na kucha zilizopinda. Huruka usiku wakitafuta watoto wachanga walioachwa bila mlezi, huwararua vifuani na kujaza makoo yao damu. Mmoja wa watoto waliovamiwa ni Proca, mwana wa wafalme wa Alba Longa, akiwa na umri wa siku tano tu. Mlezi anasikia kilio, anakimbilia chumbani na kukuta alama za kucha mashavuni mwa mtoto, rangi ya uso wake imekuwa ya jani lililopigwa na baridi.

Mtoto anaokolewa kwa tambiko, na Ovid analieleza hatua kwa hatua. Carna, mungu wa kike aliyeadhimishwa tarehe 1 Juni, anagusa miimo ya mlango mara tatu kwa majani na kugusa kizingiti mara tatu. Ananyunyiza maji yenye dawa. Kisha anatoa matumbo mabichi ya nguruwe mchanga wa miezi miwili na kuwaomba ndege wa usiku wapokee moyo badala ya moyo, maini badala ya maini. Mwisho anaweka tawi la mwiba mweupe dirishani. Tambiko hili linaonyesha kwamba tishio lilichukuliwa kuwa la kweli: watoto wachanga walikufa kwa wingi, mara nyingi usiku, bila sababu iliyojulikana, na strix aliipa misiba hiyo mkosaji mwenye sura.

Sura hiyo, hata hivyo, haikuwa thabiti. Plinius Mkubwa, mwanazuoni aliyekufa mwaka 79 katika mlipuko wa volkano ya Vesuvius, aliandika katika kitabu chake cha elimu ya viumbe kwamba jina la strix lilitumika tangu zamani katika laana, ila haikukubalika ni ndege gani hasa. Ovid mwenyewe aliacha mlango wazi: labda wamezaliwa ndege, labda ni vikongwe waliogeuzwa kwa uganga. Katika hadithi ndefu ya mwandishi Apuleius ya karne ya 2, mwanamke mchawi anajipaka mafuta, anaota manyoya na kuruka akiwa bundi. Msomaji wa Afrika Mashariki, anakoogopwa bundi aliaye juu ya paa na wanga wa usiku, hatahitaji kuelezwa jinsi mawazo hayo mawili yanavyoungana.

Kuungana huko ndiko kulikoleta maafa ya kweli. Striga, neno litokanalo na strix, likawa jina la mwanamke anayedhaniwa kula watu kwa siri, na watu wakaanza kuua. Sheria za Rothari, mfalme wa Walombardi nchini Italia, zilizoandikwa mwaka 643, zilikataza kumuua mjakazi wa mtu mwingine kwa madai kwamba ni striga, zikieleza kuwa Mkristo hapaswi kuamini kwamba mwanamke anaweza kumla mtu mzima kutoka ndani. Mwishoni mwa karne ya 8, sheria za mfalme Charlemagne kwa Wasaksoni ziliweka adhabu ya kifo kwa yeyote atakayemchoma moto mtu kwa imani hiyo. Watawala hao waliona wazi kwamba aliyeua alikuwa jirani mwenye shutuma, si ndege. Kwa bahati mbaya, karne zilizofuata ziliisahau busara hiyo, na Ulaya ikawachoma maelfu ya watu kwa kosa la uchawi. Hata leo Kiitaliano humwita mchawi strega.

Elimu ya viumbe ilichukua njia nyingine. Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus alilitumia jina Strix kwa jenasi ya bundi, wasionyonya damu ya yeyote. Wanyonyaji wa kweli walikuwa ng'ambo ya bahari: popo wa Amerika ambao hukata ngozi ya mnyama aliyelala na kulamba damu inayochuruzika.

Dungeons & Dragons, ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilichapishwa Marekani mwaka 1974. Mwaka uliofuata kikatoka kijitabu cha nyongeza, Greyhawk, cha Gygax na Robert Kuntz, na stirji akaingia mchezoni. Mwanamke mchawi aliachwa nje, alibaki mnyama. Uamuzi huo, wa makusudi au la, ulikuwa mzuri, kwa sababu wachezaji wanapambana na njaa ya kiumbe bila kumtafuta kikongwe wa kumlaumu.

Kanuni za 1977 zinaonyesha kwa nini kundi ni silaha. Stirji ana uhai kidogo, lakini hushambulia kwa ustadi wa kiumbe mkubwa kuliko yeye. Akishagusa mwili hang'oki: kila raundi hunyonya pointi 1 hadi 4 za uhai, na hutosheka baada ya kufikisha 12. Mhusika mchawi wa ngazi ya kwanza kwa kawaida huanza na pointi zisizozidi 4. Wakimshukia watatu, hana muda wa kukumbuka hata uganga wake mmoja.

Matoleo ya baadaye yalibadilisha umbo na kuacha kiini. Ndege wa mwanzo akawa mchanganyiko wa popo na mbu mkubwa. Katika toleo la 2014 stirji wa kawaida ana pointi 2 tu za uhai na huachia baada ya kunyonya 10. Kumbandua kunagharimu tendo zima la zamu, ambalo lingetumika kupigana, na ndiyo maana kundi dogo tu huweza kulemaza wasafiri wenye silaha nzuri. Mwendesha mchezo mzoefu huwaficha katika dari za mapango na magofu, wangoje mwenge upite chini yao.