Fortuner ya Staa na Hilux ya Utende: Kumbe Ndugu wa Damu!

Staa akivuta Fortuner mpya, Insta haikaliki. Dereva wa Hilux anayebeba samaki Utende, pale Ghuba ya Chole, hakuna anayempiga picha. Kumbe gari zao ni za ukoo mmoja!

Historia iko hivi. Hilux ilitoka 1968, pikapu ya kazi. Mwaka 1984 Toyota wakaichukua, wakaiongezea viti vya nyuma na paa, ikazaliwa Hilux Surf. Mwaka 2004 wakaja na mradi wa IMV: chasisi za msingi mmoja, juu yake Hilux, Fortuner na Innova. Gharama za kutengeneza zikashuka.

Lakini ndugu hawafanani kila kitu. Nyuma, Hilux ina springi za mabapa ya chuma, za kubebea mzigo. Fortuner ina za koili, abiria asirushwerushwe. Na hapa ndipo wengi wanapigwa: zipo Hilux na Fortuner za 2WD. Ukiangalia bodi tu, hujui.

Mafia itakwambia. Kabla ya lami, Kilindoni mpaka Utende ilikuwa mchanga, masika matope. Mama mjamzito akizidiwa usiku, hospitali iko Kilindoni. Hapo nani aulize rimu wala rangi? Swali ni moja: ina 4WD na gia nzito, ile L4? Tairi zinapunguzwa upepo kidogo, gari inatambaa, mama anafika.

Kwa hiyo mdau, kabla hujamwaga mamilioni kwa ajili ya shepu, chungulia chini kwanza. Wewe ungechukua ipi?