Mkate wa Ugenini Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Mtu akisimama Njisi, katika Wilaya ya Kyela, mto Songwe huwa mbele yake, na ng'ambo ya mto ni Malawi. Mpaka huu si wa kale. Waliuweka Waingereza na Wajerumani katika mkataba wao wa 1890, wakawatenga watu waliokuwa jamaa, kwani Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule husikilizana bila ya mkalimani. Kabla ya hapo mgeni khasa katika nchi hii alikuwa ni mtu wa pwani.

Watu wa pwani walilifikia ziwa mapema. Salim bin Abdallah, aliyeitwa Jumbe, alikaa Nkhotakota tangu miaka ya 1840. Kaskazini, karibu na Karonga, alikuja Mlozi bin Kazbadema katika miaka ya 1880, akajenga boma lake Mpata. Wenzake Kopakopa na Msalema nao wakajenga yao. Biashara yao ilikuwa ni pembe za ndovu na watu.

Mtu wa namna hiyo, aliyetoka kwenye mikate ya kwao, angeila wapi huku bara? Pwani kuna mofa, tanuri ya udongo ambayo unga uliokandwa hubandikwa kwenye ukuta wake wa ndani. Tanuri haichukuliwi kichwani mwendo wa miezi. Kinachochukulika ni ujuzi wa moto wa juu na chini, ambao wapishi wa mkate wa kumimina wanaujua vyema. Mchele huroweshwa, ukasagwa, ukatiwa tui na sukari na hiliki, kisha hutiwa chachu, japo ni ya rojo lililobaki jana. Ukishaumuka humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta juu ya makaa machache. Kingo zikishika, hufunikwa kwa kifuniko chenye makaa mengi zaidi ya yale ya chini. Hapo ndipo wengi huharibu: huogopa kuunguza juu, wakazidisha moto wa chini, mkate ukaungua kitako na ndani ungali mbichi. Pasipo nazi, maziwa hutosha, na nchi ya Wanyakyusa ni nchi ya ng'ombe. Ama mchele, wa Kyela unasifika Tanzania nzima.

Lakini tusisimulie utamu wa mkate tukanyamaza juu ya mikono iliyousaga ule mchele. Katika maboma ya wafanyabiashara wa watumwa jiko lilikuwa la wanawake, na wengi wao walikuwa mateka. Sharia imemrahisishia msafiri mambo mengi: hupunguza sala, huakhirisha saumu, na amewekewa fungu katika zaka. Haikumruhusu kumgeuka mwenyeji aliyempokea. Na Mtume (S.A.W.) amemtaja mwenye kumuuza mtu huru, akala thamani yake, kuwa ni miongoni mwa wale ambao Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama.

Mlozi aliyageuka haya. Mwaka 1887 alijitangaza Sultani wa nchi ya Wangonde, na Oktoba ya mwaka huo watu wake wakawazingira Wangonde waliokimbilia kwenye matete ya Kambwe, wakayatia moto, wakawapiga risasi waliotoka. Kampuni ya Maziwa ya Waskochi ikapigana naye. Frederick Lugard, aliyekuja baadaye kuwa mtawala mashuhuri, alijeruhiwa huko mwaka 1888. Suluhu ya 1889 haikudumu, na Desemba 1895 Harry Johnston aliliteka boma, Mlozi akanyongwa. Waingereza hawakwenda huko kwa huruma tupu, maana nchi ikabaki mikononi mwao. Hilo halimtakasi Mlozi, wala halitupi sisi Waislamu ruhusa ya kumhesabu kuwa ni shujaa kwa kuwa tu alikuwa na jina la kwetu.

Maboma yamekwisha, na mkate wa moto wa juu na chini upo. Malawi hupikwa chikondamoyo, mkate wa unga wa mahindi unaookwa katika sufuria, makaa yakiwa chini na juu ya kifuniko, na katika Kichewa mkate huitwa mkate, kama kwetu. Mwanamke wa Njisi akivuka Songwe hahitaji kufundishwa jinsi ya kuupika.