Kilimanjaro Bowl, 2011 hadi 2011

Global Kilimanjaro Bowl, mchezo wa mpira wa Kimarekani wa vyuo, ulianza Jumamosi ya tarehe 21 Mei 2011 na kuisha siku hiyohiyo. Sisi wa Shirimatunda, ambao tukitoka uani tu Kibo hii hapa (mawingu yakiruhusu), tuna haki ya kununa kidogo. Jina lilichukuliwa kwetu, mpira ukachezwa Arusha, mwendo wa kilomita kama 80, kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid.

Desturi ya vyuo vya Marekani kukutana kwa mchezo maalumu wenye jina lake ilianzia Pasadena, California, mwaka 1902. Aliyeileta huku ni Patrick Steenberge na kampuni yake ya Global Football. Kwa kuwa alishazoea kupambanisha Wamarekani na Wamexico katika Aztec Bowl, wapinzani hakuwatafuta mbali: nyota wa CONADEIP, umoja wa michezo wa vyuo binafsi vya Mexico. Upande wa pili walikuwa Drake, chuo cha Des Moines, Iowa, kilichoanzishwa mwaka 1881. Ligi yao haitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira. Ni wanafunzi hasa.

Drake wana kumbukumbu nzito. Mwaka 1951 mchezaji wao mweusi, Johnny Bright, alivunjwa taya uwanjani huko Oklahoma kwa kupigwa makusudi. Picha za tukio hilo zilipata tuzo ya Pulitzer, na Drake wakajitoa kwenye ligi yao ya wakati huo kwa kupinga. Tangu 2006 uwanja wao una jina lake. Kwangu mimi, hapana chuo kilichostahili zaidi kuja kucheza Afrika.

Waandaaji waliutangaza mchezo wa Arusha kuwa wa kwanza wa mpira huo barani. Kwa vyuo, sawa. Lakini askari wa Marekani walikwisha kuucheza Oran, Algeria, siku ya mwaka mpya 1944.

Uwanja wa mpira wa Kimarekani, pamoja na maeneo ya kufungia, una urefu wa karibu mita 110, wakati wa kabumbu kwa kawaida huwa na 105. Ukivuka mstari na mpira mkononi unapata alama 6, teke la nyongeza 1, na teke la kupitisha mpira kati ya nguzo 3. Drake ya kocha Chris Creighton ilishinda 17 kwa 7 mbele ya maelfu ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona mpira wenye ncha mbili. Baadaye wageni walifanya kazi za kujitolea, kisha wakaukabili mlima wenyewe.

Mchezo wa pili haukufika. Sheria za vyuo vya Marekani huruhusu timu ziara ya nje mara moja tu kila miaka minne, na huku hapakuwa na timu ya kuurithi. Creighton alihamia Eastern Michigan, akaanza msimu wake wa kwanza huko mwaka 2014.