Chris Wilder: Beki wa madaraja ya chini aliyefika EPL akiwa kocha
Chris Wilder alikuwa mwokota mipira Bramall Lane kabla ya kuwa beki wa kulia wa Sheffield United. Sehemu kubwa ya soka lake alikipiga madaraja ya chini England.

Ukocha aliuanza 2001 Alfreton Town, kisha Halifax Town, klabu iliyokufa kwa madeni 2008 akiwa kocha. Hakukata tamaa. 2010 aliipandisha daraja Oxford United, na 2016 akabeba ubingwa wa daraja la nne na Northampton iliyokuwa hoi kifedha.

Mwaka huohuo akarudi nyumbani. Ndani ya misimu mitatu aliitoa Sheffield United daraja la tatu hadi EPL, ikamaliza ya tisa 2019/20. Machi 2021 aliondoka timu ikiburuza mkia, lakini Desemba 2023 wakamrudisha.