Idara Nyingi, Lugha Mbili: Utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1961–1981

Ukuaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huelezwa mara nyingi kwa kuhesabu vitivo na idara. Hesabu hiyo ina manufaa yake, lakini haitoshi kueleza historia ya utafiti uliofanyika humo. Orodha ya idara hutuonesha mambo yaliyoulizwa. Haituoneshi majibu yalimfikia nani. Insha hii inachunguza miaka 20 ya mwanzo ya chuo hicho na kutoa hoja kwamba tafiti za kipindi hicho zilitofautiana kitaaluma na pia kilugha. Watu wengi waliotoa taarifa walizitoa kwa Kiswahili au kwa lugha za makabila yao, ilhali sehemu kubwa ya matokeo iliandikwa kwa Kiingereza.

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, chenye wanafunzi wasiofikia 20. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na masomo ya sanaa na sayansi za jamii yakaanza. Sayansi ilifuata mwaka 1965, udaktari huko Muhimbili mwaka 1968, kilimo huko Morogoro mwaka 1969 na uhandisi mwaka 1973. Katikati ya mfuatano huo, tarehe 1 Julai 1970, chuo kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili cha taifa. Mfuatano wenyewe unaakisi mahitaji ya dola changa iliyohitaji wanasheria, walimu, madaktari, mabwana shamba na wahandisi wake yenyewe.

Idara ya Historia ilikuwa miongoni mwa zilizojipatia sifa mapema. Chini ya Terence Ranger, profesa wake wa kwanza, na baadaye Isaria Kimambo, masimulizi ya wazee yalikubaliwa kuwa ushahidi wa kihistoria. Mwaka 1968, katika mradi ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanafunzi walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Majimaji vya 1905–1907 kutoka kwa wazee ambao baadhi yao walivishuhudia. Kwa mara ya kwanza, mkulima wa kusini mwa Tanzania alihesabiwa kuwa shahidi wa historia yake mwenyewe. Hata hivyo, ushahidi huo ulitafsiriwa na kuchapishwa kwa Kiingereza. Msimulizi aliingia kitabuni, lakini kitabu hakikuandikwa kwa lugha ambayo angeweza kukisoma au kusomewa na mjukuu wake.

Hali ilikuwa hiyohiyo katika tafiti za ardhi. Ofisi ya tathmini ya rasilimali na mipango ya matumizi ya ardhi, BRALUP, iliundwa chuoni mwaka 1967. Wanajiografia wake, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walipima mmomonyoko wa udongo katika milima ya Uluguru na katika eneo la Dodoma. Walikadiria kiasi cha udongo kilichochukuliwa na maji kutoka mashambani na kujaa katika mabwawa. Sehemu kubwa ya matokeo ilitoka mwaka 1972 katika jarida la jiografia la Sweden. Ilikuwa kazi ya kisayansi ya kiwango cha juu, lakini mwenye shamba lililopimwa hakuwa miongoni mwa wasomaji wake.

Mifano miwili inaonesha kuwa njia nyingine iliwezekana. Wa kwanza unatoka katika Sheria. Mahakama za Mwanzo ziliendesha mashauri kwa Kiswahili, hivyo wataalamu wa sheria hawakuweza kuikwepa lugha hiyo. Mwaka 1968 A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo hicho, alitoa orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili. Mfano wa pili ni wa sanaa za maonyesho. Ebrahim Hussein, aliyesomea taaluma hiyo chuoni, alichapisha tamthiliya ya *Kinjeketile* mwaka 1969. Historia ya Majimaji, iliyokuwa ikiandikwa kwa Kiingereza na wanahistoria, iliwafikia Watanzania wengi kwa Kiswahili kupitia jukwaa. Tafsiri ya Kiingereza ilikuja baadaye.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ndiyo iliyobeba jukumu la lugha kwa namna ya kudumu. Asili yake ni kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambayo kazi zake zilihamishiwa chuoni mwaka 1964. Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, na mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi aliwasilisha tasnifu ya uzamili, iliyoandikwa kwa Kiswahili, kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Mwaka 1981 TUKI ilitoa *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*. Kufikia wakati huo, Kiswahili kilikuwa kimethibitika kuwa lugha ya kutafitiwa na ya kuandikia utafiti, ingawa hasa pale ambapo mada ilikuwa Kiswahili chenyewe.

Yapo maelezo ya haki kuhusu hali hiyo. Wahadhiri wengi wa mwanzo walikuwa wageni, watahini walitoka nje, na Kiingereza kiliziwezesha tafiti za Dar es Salaam kusomwa na kujadiliwa ulimwenguni. Hoja ya uhaba wa istilahi, hata hivyo, inapunguzwa nguvu na mfano wa Sheria: istilahi zilitafutwa pale ambapo kazi haikuweza kufanyika bila ya hizo.

Hivyo basi, upana wa utafiti wa chuo kikuu unahitaji vipimo viwili: wingi wa idara, na umbali ambao matokeo husafiri kurudi kwa waliotoa taarifa. Kwa kipimo cha kwanza, miaka 20 hiyo ilikuwa ya mafanikio makubwa. Kwa kipimo cha pili, deni lilibaki. Tasnifu za Kiswahili zinazoandikwa leo bado zimejikita zaidi katika lugha na fasihi; deni hilo litaanza kulipwa pale mwanajiografia, tabibu na mhandisi nao watakapoandika kwa lugha waliyoitumia kuuliza maswali yao.