KICHWA CHA KANISA NI NANI? SOMO KUTOKA GAHINI

Jarida hili la kumbukumbu lina picha nyingi za viongozi wetu, na ni vema kuwaheshimu. Lakini hebu nikuulize: kanisa likiongozwa na Yesu mwenyewe, linafananaje? Twende Gahini, mashariki mwa Rwanda.

Mwaka 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, alifika Kampala akiwa amechoka rohoni. Pale Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda. Wakafungua Biblia, wakaomba pamoja. Mzungu na Mwafrika, enzi zile za ukoloni, wote wawili wahitaji mbele za Mungu! Hapo bosi alikuwa Yesu tu.

Uamsho ulipowaka, watu waliungama hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakaombana msamaha. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi aliyehudumu Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Je, kazi ilikufa naye? La! Haikuwa yake. Ilivuka mipaka ikaingia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, bila makao makuu, bila kadi za uanachama.

Mwaka 1941 wanafunzi zaidi ya 20, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono. Wangeweza kuanzisha dhehebu lao. Hawakufanya hivyo, walibaki ndani ya kanisa lilelile. Na Kenya, wakati wa Mau Mau, ndugu wa uamsho walikataa kiapo, na wengi wakakataa pia kubeba bunduki za serikali. Wengine waliuawa kwa ajili hiyo.

Jamani, hawakuwa malaika. Baadaye walibishana wao kwa wao hata wakagawanyika. Kila mahali mtu alipojiona yeye ndiye kipimo cha wokovu, upendo ulipoa.

Wao wengi walikuwa Waanglikana, sisi ni Wapentekoste, ila Kichwa ni kimoja. Basi kabla hatujakata keki ya maadhimisho, jiulize: ng'ambo ya mpaka kuna ndugu ninayemdai, au ninayedaiwa naye, na tumenyamaziana kwa sababu ya cheo au fedha? Mpigie simu leo. Kanisa linaloongozwa na Yesu huanzia hapo. Amina.